Jiwe, Kisima na Programu ya Binti Yangu

Nilipoajiriwa kusimama mlangoni mwa hoteli moja kule Kikambala nilikuwa bado nina meno yote ya mbele, na nadhani hayo meno ndiyo yaliyonipatia kazi. Hoteli ilikuwa mpya, inanuka rangi na chokaa. Meneja alinikuta nikishusha mawe ya kuzungushia bustani, akanitazama ndevu, akanitazama kanzu, ambayo siku hiyo niliivaa kwa sababu ilikuwa Ijumaa na nilikuwa na haraka, akasema mtu kama huyu ndiye wanayemtaka wageni. Nikavishwa kofia nyekundu yenye shada, kofia ambayo tangu nizaliwe sijamwona mtu wa Malindi akiivaa, nikafundishwa maneno manne ya Kitaliano. La tano nilijifunza mwenyewe jikoni kwa wapishi, na meneja akaniomba nisilirudie mbele ya wake za watu.

Kazi yenyewe ilikuwa kusema habari ya asubuhi. Wageni wakishuka kwenye basi, wekundu kama kamba wa kuchemsha, mimi natabasamu, naweka mkono kifuani, nasema. Wakirudi kutoka pwani, nasema tena. Sijapata kufanya kazi nyepesi kama hiyo, na mgongo wangu ulinishukuru. Nilidumu wiki saba. Wiki ya nane akaja karani mmoja kutoka makao makuu na daftari lake, akatupanga mstari, kila mtu aonyeshe cheti. Wapishi walikuwa navyo, watu wa matandiko walikuwa navyo, hata yule wa kufukuza kima kwenye meza za chakula alikuwa na karatasi yenye muhuri. Akafika kwangu. Nikamwambia kwamba cheti cha kusema habari ya asubuhi sikujua kama kinatolewa. Akaandika kitu, na Jumatatu mahali pangu pamesimama kijana kutoka bara, hana unywele kidevuni, kavaa kofia yangu.

Sikuona uchungu sana. Nasema sana, maana kidogo niliona. Nilirudi kwenye kazi yangu ya zamani, ambayo haina mlango wa kusimama wala mtu wa kukuuliza karatasi, kwa kuwa ukishakuwa ndani ya shimo la pima nane, na pima moja ni mikono miwili iliyotandazwa, hakuna karani atakayekufuata.

Mimi ni mchimba visima. Shule niliiacha darasa la pili. Wengine wa umri wangu watakwambia waliacha kwa sababu ya ufukara, au baba alifariki, na huwa kweli. Mimi niliacha kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa na fimbo ya mkwaju, na ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa anatafuta mtu mwembamba wa kushuka kisimani. Nilikuwa mwembamba. Kwa hiyo nikatoka kwa mtu anayepiga nikaingia kwa mtu anayetukana, na niliona nimepanda cheo.

Ami alinifundisha mtaimbo, sululu, namna ya kulisoma tumbawe usije ukajivunjia mkono bure. Lakini jambo lililokuwa likinipendeza kuliko yote ni jiwe. Ukifika kwa mwenye shamba ambaye ana kisima cha zamani, anataka kiongezwe kina, huendi kuteremsha kamba kwanza. Unaokota jiwe la kiasi cha limau, unanyoosha mkono juu ya tundu, unaliachia, halafu unahesabu mpaka lilie maji. Mwendo wa kuhesabu ni mmoja, kama mguu wa fundi kwenye cherehani, hauongezi haupunguzi. Na kila hesabu ina kina chake, tulizikariri kama watoto wa chuoni wanavyokariri juzuu: tatu ni pima mbili na nusu, nne ni tano kasoro, tano ni saba na nusu, sita ni kumi na ushei. Kwa nini kutoka nne hadi tano inazidi pima mbili na nusu, na kutoka tano hadi sita inazidi tatu? Ami alisema ndivyo yalivyo mawe, yakishaanza kushuka yana tabia ya kuharakisha, kama mtu aliyeona nyumbani kwake. Nikaridhika. Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka hamsini na halijanipunguzia kitu.

Basi, huyu binti yangu wa mwisho. Ana miaka thelathini na kitu, aliolewa Shella, akaachika, akarudi kwangu Muyeye na masanduku mawili na jeuri yake yote. Alikuwa akiuza katika duka la dawa, si dawa zenyewe, sabuni na pampasi upande wa mbele. Halafu akasikia zahanati moja kubwa hapa mjini inataka mtu wa kukaa na kompyuta, kuandika wagonjwa na kuzitengenezea zile mashine maagizo yake. Wakamwambia, mama, kiti kipo, lakini leta cheti kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Akajiandikisha chuo kimoja kidogo Kilifi, kule juu barabarani. Mara ya kwanza akafeli, kwa sababu siku ya mtihani mamake alikuwa amelazwa na yeye alikuwa na mawazo. Mara ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho, ada isingerudiwa na kiti kisingengoja. Hilo sote nyumbani tulilijua, hata mamake, ambaye alianza kulitaja kwenye kila dua, baada ya afya yangu na kabla ya mvua.

Mwalimu wake alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyewahi kufundisha fizikia kwenye sekondari. Kwa hiyo wenzao vyuo vingine wanaandika programu za kuhesabu soda za duka, yeye akawapa za mwendo: kitu kinaanguka, kitu kinarushwa, gari linafunga breki, uiambie mashine muda, ikwambie umbali. Tena kukawa na sharti jipya kutoka juu, kwamba kila mradi uwe na ujuzi wa jamii ndani yake. Sijui nani alifikiria jambo hilo. Wanafunzi walihangaika. Mmoja alitaka kuingiza ngoma ya mwanzele kwenye breki za gari.

Binti yangu alinijia jikoni nikila muhogo, akakaa kizingitini na daftari.

"Baba, lile jiwe lako," akasema. "Niambie tena zile pima."

Nikamwambia. Akaandika, akapiga hesabu kwenye simu. Akazigeuza pima kuwa mita. Akanitazama kama ambavyo hajanitazama tangu nilipomnunulia baiskeli.

"Baba, hii yote imo kwenye mlinganyo mmoja. Nyinyi mmekariri majibu bila swali."

Akanieleza. Kitu kikiachiwa kianguke, unachukua muda wake, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha na namba ya dunia inavyovuta, unagawa kwa mbili. Nilimsikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtu anayekueleza njia ya kwenda nyumbani kwako. Kisha akachukua simu, akaniambia nihesabu mwendo wangu wa kisimani, moja hadi sita, mara kumi mfululizo. Ikatoka sekunde ishirini kamili. Akaniambia nirudie. Ishirini. Akaita mamake aje aone. Mamake akasema anajua, amelala na mtu huyu miaka arubaini, hata kukoroma kwake ni hivyo hivyo.

Programu akaiandika kwa siku tatu. Mimi nilitegemea kitu kirefu kama hati ya shamba, kumbe ilikuwa mistari isiyojaza ukurasa. Inakuuliza, hesabu ngapi? Unabonyeza sita. Inajibu, mita kumi na tisa nukta sita. Nilibonyeza sita mara nyingi, sikatai. Nilibonyeza hata arubaini, ikanipa kisima ambacho ukianguka ndani unafika huku umeshasahaulika.

Lakini hapo kuna jambo alilonirudia nalo, na bila hilo mambo ya baadaye hayaeleweki. Aliniuliza, "Ukiliachia jiwe tu, kinywani unasema nini?" Nikamwambia, nasema Mola. Ndivyo tulivyofundishwa. La kwanza si lako. Ukipima mahindi kwa pishi, pishi ya kwanza ni Mola, kisha moja. Ukihesabu nazi, ukihesabu watu wanaoingia karamuni, Mola, kisha moja, mbili. Ami alikuwa akisema mtu anayeanza na moja amejipakulia kabla ya mwenye nyumba. Kwenye nazi hilo humaanisha kwamba daima kuna nazi moja isiyokuwemo kwenye hesabu, na hasara yake ilikuwa ikiniudhi. Lakini kisimani, mkono ukifunguka ni Mola, kisha moja, mbili, mpaka maji.

Binti yangu alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Baba, hiyo ndiyo sifuri. Wenzangu darasani wanakosea kila siku, wanaanza na moja wakati jiwe bado halijaenda kokote. Nyinyi mlimweka Mola hapo, na hesabu imesimama sawa." Akaiandika hata kwenye ripoti, ukurasa mzima, kwamba wachimba visima wa pwani walianzia sifuri. Mwalimu wake alipiga mstari chini kwa kalamu nyekundu na kuandika vizuri sana. Mimi niliombwa nije siku ya mtihani, niliachie jiwe mbele ya mtahini, kwa sababu kwenye uwanja wa chuo kile kuna kisima, na kisima chenyewe, msinicheke, nilikichimba mimi na ami wakati pale palipokuwa nyumba ya msimamizi wa shamba la mkonge.

Tukaenda asubuhi. Nilivaa kanzu, si kwa Ijumaa safari hii. Wanafunzi walikuwa kama kumi na watano, wengi watoto wa bara waliozaliwa huku, na Wagiriama kadhaa, wote wakaniamkia shikamoo kwa mpangilio kama walioagizwa. Mwalimu akanipa kiti cha plastiki. Mtahini alikuwa mama wa makamo, suti ya kijivu, miwani imening'inia kwenye mnyororo, ametoka Nairobi na anaongea Kiswahili kile cha taarifa ya habari. Alinisalimu vizuri. Alisema amesoma ripoti, na kwamba ni fahari kuona elimu ya asili. Elimu ya asili ni mimi.

Sasa nitasema lililonipata, na nitalisema kama lilivyo. Nilikaa kwenye kile kiti nikasikiliza wale vijana wakieleza miradi yao, kasi, mchapuko, vigeugeu, na yule mama anaitikia kwa kichwa, anaelewa, na mwalimu anaelewa, na binti yangu anaelewa, na mimi nimekaa kama chungu kilicholetwa kwenye maonyesho. Ikaniingia hamu ya ajabu. Nilitaka yule mama asidhani kwamba mzee huyu anapima mambo ya sekunde kwa dua. Nilitaka nionekane mtu wa hesabu. Kwa dakika moja tu, mbele ya suti ile. Mwenye kuona haya kumtaja Mola mbele ya watu anajulikana anakokwenda, na nilikuwa nimewahi kuwasema wengine kwa makosa madogo kuliko hayo.

Binti yangu akaniita. Tukasogea kisimani, wanafunzi wakazunguka. Akanipa jiwe, kalichagua mwenyewe, la kiasi cha limau. Akasimama na mashine yake juu ya ukingo. Nikanyoosha mkono. Nikaliachia, na kwa sauti safi, ya kisomi kabisa, nikasema, "Moja."

Halafu mbili, tatu, nne, tano, sita. Saba, na maji yakalia.

"Saba," nikasema.

Binti yangu aliinua macho. Alikuwa anajua kisima kile ni cha sita, nimemwambia tangu mtoto. Lakini namba imeshatamkwa mbele ya mtahini, akaibonyeza. Mashine ikatoa mita ishirini na sita nukta saba. Mwalimu alikuwa amekwisha kuteremsha kamba yenye alama na uzito mwisho wake. Akavuta, akasoma: kumi na tisa na robo.

Yule mama akavaa miwani. Akasema kwa upole kwamba tofauti ya mita saba si ndogo, na kwamba programu ambayo inakosea kwa thuluthi haiwezi kupita, ila wasikimbilie, huenda ni muda tu, warudie jaribio. Mwanafunzi mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, kwamba mzee labda masikio yamechoka. Mwenzake akamwambia, au jiwe ndilo limezeeka.

Binti yangu hakuwasikiliza. Alinisogelea kwa karibu, mgongo wake umewageukia.

"Baba, umeanza na nini?"

Kulikuwa na neno moja la kusema. Lingemaliza kila kitu, tungecheka wote, yule mama angeandika kwamba ukurasa wa sifuri umejithibitisha mbele ya macho yake, na mimi ningebaki mzee aliyeona haya kusema jina la Mola wake mbele ya suti. Nikamtazama mwanangu usoni.

"Kama siku zote," nikasema.

Sijui kama mmewahi kumdanganya mtu ambaye anajua, na yeye akajua kwamba mnajua anajua. Hakukunja uso. Alinishika kiwiko kidogo, kama anayemsaidia mzee asiteleze kwenye ukingo, akageuka.

"Madamu, kosa ni langu," akasema. "Baba anahesabu moja jiwe likiwa bado mkononi. Sikuliingiza kwenye programu. Nipe dakika mbili."

Akapiga magoti kwenye mchanga na ile mashine mapajani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kwa wiki zile nilikuwa nimejifunza kuusoma ukurasa ule kidogo, pale panapouliza na pale panapojibu. Aliweka mstari mmoja katikati. Hesabu, toa moja. Ukurasa mzima wa ripoti, ule wenye wino mwekundu wa vizuri sana, aliuua kwa mstari ule.

Tukarudia. Mwalimu akaniletea jiwe jingine. Safari hii sikuwa na la kuchagua, ilinibidi nianze na moja tena, na nilianza nalo, na sauti haikuwa ya kisomi hata kidogo. Saba. Akabonyeza saba. Mita kumi na tisa nukta sita. Watoto wakapiga makofi. Yule mama akasema kinachompendeza si programu isiyokuwa na kosa, ni mtu anayeliona kosa lake mbele za watu na kulirekebisha papo hapo, na kwamba hilo ndilo wanalolitafuta kazini. Akaandika. Niliiona kalamu ikiandika, na mwalimu aliyekuwa karibu naye akatabasamu, kwa hiyo nilijua kiti cha zahanati kimepatikana.

Ila mimi lile jedwali la pima ninalo kichwani. Programu ile sasa, mtu akiitumia kama nilivyofundishwa na ami, kisima cha pima kumi itamwambia ni cha saba na nusu. Binti yangu alilijua hilo kabla hajamaliza kuandika. Mwalimu akatangaza kwamba ataiweka kwenye mashine zote za chuo, wanafunzi wajao waanzie hapo, na kwamba mzee ataalikwa kila muhula. Akaagiza soda. Akaniuliza nataka ya rangi gani.

Nikamwambia naenda kutia udhu.

Binti yangu alikuwa amezungukwa na wenzake, mmoja anamrekebisha mtandio, mwingine anataka picha. Akaniona juu ya mabega yao. Akaniinulia mkono, si wa kuita wala si wa kuaga. Nikapita nyuma ya darasa, nikapita bomba la maji, bomba lenyewe linatiririka vizuri, nikafika langoni. Askari wa pale, Mgiriama mwenye redio sikioni, akaniambia, mzee, adhuhuri bado. Nikamwambia najua. Akanifungulia. Nikashika barabara ya kuelekea mjini, upande wa kivuli, na tangu siku hiyo nimealikwa mara nne, na mara zote nne mguu umeniuma.